Nkangi kiditu ni nini?

Wasikilizaji, nkangi kiditu ni msalaba wa shaba wenye sanamu ya Kristo, kazi ya mafundi wa ufalme wa zamani wa Kongo, kule magharibi. Neno ni la Kikongo. Kiditu ni Kristo, jina lililokuja na Wareno. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Nkangi inatoka kwa kanga, yaani kufunga. Hapa Salamabila, mwenye kusikia Lingala ataitambua mara moja: kokanga. Lakini kwa Kikongo, kufunga ni kulinda pia. Ndiyo maana wengine wanatafsiri "Kristo aliyefungwa", wengine "Kristo mlinzi". Zote mbili ni sawa.

Haukuwa wa kanisani tu. Chifu alikuwa nao kama alama ya utawala, na wenye kesi waliapa mbele yake. Mara nyingi Kristo ana sura ya Mwafrika, na pembeni kuna watu wadogo waliokunja mikono. Mapadri walipopungua, machifu waliendelea kurithishana. Kwa hiyo kuuita fetishi ni kosa. Leo mingine iko mbali, Tervuren kule Ubelgiji na New York.