Waliojitolea: Nani Huzima Moto wa Mlima Kenya?

Moto ukiwaka juu ya Mlima Kenya, lori la zimamoto halifiki. Barabara huisha msituni, na kutoka hapo ni miguu tu. Wanaopanda hubeba panga na majembe, wakikata matawi mabichi ya kuupiga moto na kufyeka mkanda ili ukose cha kula. Mara nyingi hungoja usiku, baridi ikiingia na upepo ukitulia. Baadhi yao ni askari wa misitu na wa wanyamapori. Wengine ni majirani wa msitu, na hao kwenye habari huitwa "waliojitolea". Neno hilo lina historia ndefu.

Idara ya Misitu iliundwa na wakoloni mwaka wa 1902. Msitu ambao watu walichungia, wakarina asali na kuombea, ukapata mwenyewe mpya. Miaka michache baadaye ukaja mfumo wa shamba. Familia ilipewa kipande msituni, ikalima mahindi na viazi katikati ya miche ya serikali, na miti ikikua ikahamishiwa kipande kingine. Kodi yake ilikuwa jasho. Mtu kama huyo hakuhitaji kuitwa moto ukiwaka. Nyumba yake ilikuwa humo humo.

Halafu ikaja hali ya hatari ya 1952. Msitu ukafungwa, ndege za Uingereza zikaupiga mabomu, na wanakijiji wakalazimishwa kuchimba mtaro mrefu kando yake ili chakula kisiwafikie wapiganaji wa Mau Mau. Jirani wa msitu akawa mshukiwa.

Uhuru ulikuja, mfumo wa shamba ukaendelea, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ukapigwa marufuku na familia zikaondolewa. Sababu zilikuwepo: rushwa ilikuwa imeingia, na kuna sehemu watu walilima bila kuacha miche ikue. Lakini macho yaliyoona moshi wa kwanza nayo yakaondolewa.

Sheria ya Misitu ya 2005 ikajaribu kurekebisha mambo. Iliruhusu majirani kuunda vyama vya jamii vya misitu, na kupitia vyama hivyo wapate haki ya kuokota kuni, kukata nyasi, kuchunga, kurina asali, hata kulima tena kati ya miche. Mimi niliacha chuo na sikusomea sheria, lakini orodha ya majukumu ya chama haihitaji wakili. Mojawapo ni kusaidia kuzima moto. Sheria ya 2016 ililibakisha jukumu hilo. Sasa jiulize: kama kazi imeandikwa kwenye sheria, na kuni zako zinategemea chama, hapo umejitolea ama umepangiwa?

Machi 2012 jibu lilionekana mlimani. Kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi na vichaka vya juu, kule miti mirefu inakoishia, na moto ukasambaa kwa siku kadhaa. Walioukabili ni pamoja na askari wa wanyamapori na misitu, wanajeshi wa Uingereza wanaofanyia mazoezi upande wa Nanyuki, na wanakijiji. Mwanzoni mwa 2019 mlima ukawaka tena, na wanakijiji wakapanda tena. Ukitazama makundi hayo yote, ni moja tu lililoenda bila mshahara.

Tusidanganyane pia. Mioto mingi huanzishwa na watu: moshi wa kufukuza nyuki, tanuri la makaa, mchungaji anayechoma nyasi kuukuu ili zichipue mpya. Anayewasha na anayezima wanaweza kuwa wa kijiji kimoja. Ndiyo maana chama kina maana, kwa sababu jirani humjua jirani kuliko askari anavyomjua.

Lakini faida ya mlima haibaki kijijini. Maji yake huingia Ewaso Ng'iro na Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Sisi tunaochaji simu Nairobi tunawasha taa kwa sababu kuna mtu alipanda mlima na tawi mkononi.

Huyo mtu anastahili buti, chakula cha siku alizokaa juu, na bima akiungua au akivunjika mguu. Karne nzima tumempa jina tofauti kila serikali ikibadilika. Malipo ndiyo bado.