Roketi iliyolipuka Zuckerberg akiwa Nairobi

Wadau, mnaikumbuka Septemba 1, 2016? Bosi wa Facebook, Mark Zuckerberg, alikuwa Nairobi, na picha zake akila samaki na ugali zikazagaa kila kona. Siku hiyohiyo kule Cape Canaveral, Florida, roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ililipuka ikijazwa mafuta kwa majaribio ya injini. Ikateketea na setilaiti ya AMOS-6, ambayo Facebook ilitegemea kuitumia kuleta intaneti Afrika. Hakuna aliyeumia.

Huku kwetu tulisikitikia intaneti (ndivyo tulivyo!). Wamarekani walikuwa na hofu kubwa zaidi. Tangu 2011 hawakuwa na chombo chao cha kupeleka watu angani, wakawa wanalipia viti kwa Warusi. Mwaka 2014 shirika lao la anga, NASA, lilikuwa limeipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 2.6 wa kubeba wanaanga kwa Falcon 9 hiyohiyo. Na SpaceX ilitaka wanaanga wapande kwanza, mafuta yafuate! Mzee Thomas Stafford, aliyeuzunguka Mwezi na Apollo 10, alishalipinga jambo hilo mwaka 2015.

Kwa nini haraka hiyo? Ili kuongeza nguvu, SpaceX iliipooza oksijeni kupita kawaida ili iingie nyingi zaidi kwenye tangi. Ukichelewa kuruka, inapata joto na faida inapotea. Lakini baridi hiyo ndiyo iliyoponza: oksijeni ilijipenyeza chini ya nyuzi za kaboni zilizozungushiwa mitungi ya heliamu, ikanasa, moto ukaanzia hapo.

SpaceX ilikuwa na tabia ya kubadilisha roketi yake kila mara. Kwa maoni yangu, hapo ndipo NASA ilipofanya kazi yake: ikataka mitungi mipya, kisha roketi iruke mara 7 bila muundo kuguswa kabla ya kubeba mtu. Toleo lililokusudiwa watu, Block 5, lilianza kuruka Mei 2018. Kuhusu mafuta, NASA ilikubali, mradi injini za kuwachomoa wanaanga ziwe tayari kabla ya kujaza.

Mei 30, 2020, Doug Hurley na Bob Behnken walifungwa mikanda, mlango ukafungwa, wahudumu wakaondoka. Zikiwa zimebaki dakika 35, mafuta yakaanza kuingia chini yao.