Kompyuta ya Kale na Kompyuta Mpya

Katika nyumba nyingi za zama hizi kompyuta mbili hukaa chini ya paa moja, nazo si za umri mmoja. Ile ya kale, pengine yenye Windows XP ya mwaka 2001, imehifadhi picha za arusi, barua za marehemu, hesabu za duka na miswada isiyopata mchapaji. Ile mpya ina nguvu na nafasi, lakini haina kumbukumbu. Mwenye nyumba huziunganisha ili mafaili ya moja yasomwe katika nyingine. Waya ni mzima, taa zinawaka, walakini mpya haiioni ya kale. Hapo hudhani kwamba ya kale imekufa. Mara nyingi sivyo. Vyombo vyote viwili ni vizima. Kilichokoma ni mapatano yaliyokuwa baina ya vyombo hivyo. Jinsi mapatano hayo yalivyofungwa, na jinsi yalivyovunjwa, ni historia impasayo kila mtu aliyeweka amana zake ndani ya mashine.

Mapatano ya mashine huitwa itifaki, na jina hilo limesadifu, kwa kuwa maana yake ni makubaliano. Itifaki hii, ijulikanayo kwa herufi SMB, ilibuniwa na Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi yake ilikuwa kuihadaa programu kwa wema: programu iliyozoea kusoma diski ya mashine yake ilipewa diski ya mashine jirani, nayo isitambue tofauti. Ombi la kufungua faili lilisafiri katika waya, likapokewa upande wa pili, likajibiwa. Kampuni ya Microsoft iliichukua itifaki hiyo ikaiendeleza; Windows for Workgroups ya mwaka 1992 na Windows 95 ya mwaka 1995 zikaitoa maofisini zikaiingiza majumbani.

Itifaki hiyo ilizaliwa katika ujirani wa kuaminiana. Waya haukwenda mbali, na waliokaa katika ncha zake walijuana. Kwa hiyo ulinzi wake ulikuwa hafifu. Katika utaratibu wa kale wa kuthibitisha neno la siri, neno halikuweza kuzidi herufi 14. Herufi ndogo ziligeuzwa kubwa, kisha neno likakatwa vipande viwili vya herufi 7, na kila kipande kikafumbwa peke yake. Mwizi hakulazimika kuvunja kufuli moja kubwa. Alivunja mbili ndogo. Nyumba zilipounganishwa na intaneti ujirani ule ulikwisha, lakini itifaki iliendelea kuishi kana kwamba bado upo.

Tena ilikuwa lugha yenye wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1991 Andrew Tridgell, mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alitaka kompyuta yake ndogo isome diski za mashine kubwa ya Unix. Hakuwa na maelezo ya itifaki iliyotumika. Alitega sikio katika waya, akatazama maombi na majibu yalivyopishana, akajifunza lugha ile kama mtoto ajifunzavyo kwa kuwasikiliza wakubwa. Januari 1992 aliitoa programu yake kwa watu. Kazi ikalala karibu miaka miwili, mpaka alipotaka kuunganisha kompyuta ya mkewe, iliyokuwa ya Windows, na yake ya Linux, akaijaribu, ikafaa. Haja ya nyumba moja ndiyo iliyoifufua. Jina lake lilipopingwa kwa kuwa lilikuwa alama ya biashara ya wengine, alipekua orodha ya maneno akitafuta lenye S, M na B kwa mfuatano, akapata Samba.

Baadaye jambo hilo likawa swali la haki. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliamua kwamba Microsoft ilitumia vibaya nguvu zake sokoni kwa kuficha maelezo ya namna mashine zake zinavyosemezana. Mwaka 2007 mahakama ya Ulaya iliuthibitisha uamuzi huo, na Desemba mwaka huohuo wenye Samba wakapata hati za itifaki kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Ukalimani uliokuwa wa kubahatisha ukawa wa halali na wa uhakika.

Lakini mlango ufunguliwao kwa jirani humpitisha na adui. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba kasoro katika toleo la kwanza la SMB. Mashine nyingi hazikukipata. Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry iliingia kwa kasoro hiyo, ikafumba mafaili, ikadai dola 300 za fidia. Haikungoja mtu abonyeze kitu. Ilitembea yenyewe kutoka mashine hata mashine. Katika siku chache ilipata kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Tangu Oktoba 2017, Windows 10 iliyowekwa upya haikuja na upande wa kupokea wageni kwa toleo hilo; upande wa kuyaendea mafaili ya wengine ulijiondoa usipotumika kwa siku 15. Samba nayo ililizima toleo hilo mwaka 2019. Windows XP, isiyojua toleo jingine, ikabaki bubu.

Wapo wasemao kwamba huku ni kuwalazimisha watu kununua. Lawama hiyo haikosi ukweli, maana aumiaye kwanza ni mwenye uwezo mdogo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbacha ni mkeka, si mlango. Kuyahifadhi yaliyomo katika kompyuta ya kale ni wajibu. Kuuacha wazi mlango wake mbovu si wajibu. Njia ya busara ni kukata intaneti, kuirudishia kompyuta mpya ule upande wa kwenda tu, kuiacha ikachukue mafaili kwa ya kale, kisha kuuondoa tena siku hiyohiyo.

Barua iliyokaa sandukuni miaka 100 yasomeka na kila mwenye macho na elimu ya kusoma. Faili halina bahati hiyo. Lahitaji mashine, na mashine yahitaji mwenzi wa kusikilizana naye. Kila kizazi cha kompyuta, basi, kina deni la kupokea amana za kizazi kilichotangulia kabla mlango haujafungwa, na deni hilo halilipwi na mashine bali na mwenye nyumba.