Masala na maslahi

Pakiti ya pilau masala haikosekani dukani mtaani kwetu, lakini ni wachache wanaojua kwamba neno "masala" ni ndugu wa damu wa "maslahi". Yote mawili yana asili moja ya Kiarabu, masalih, yaani mambo yenye manufaa. Moja tunalisikia kila wafanyakazi wanapodai haki zao. Jingine lilipitia Uajemi na India kabla ya kutua chunguni.

Garam masala ya India kaskazini huwa na iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, jira, pengine na kungumanga, vilivyokaangwa bila mafuta na kusagwa. Garam ni moto, ila si ule ukali wa pilipili unaochoma ulimi. Ni joto ambalo tiba ya Ayurveda husema viungo hivi huliamsha mwilini. Mimi maslahi ninayoyaamini zaidi ni haya: chakula kinachonukia vizuri hakidai chumvi nyingi.

Lakini kipimo cha masala ni kijiko, si kikombe. Mdalasini wa kasia, ule wa bei nafuu, una kumarini, ambayo ikizidi huweza kudhuru ini. Kungumanga nyingi huleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio, hata maruweruwe. Pilipili manga nayo huweza kubadili namna mwili unavyofyonza baadhi ya dawa. Mpishi wa pilau asiogope. Anayelamba masala kama tiba huku akimeza vidonge kila siku, tafadhali, amuulize daktari kwanza.