Maru: Neno Lifuatalo Jina la Meli

Kampuni ya Kijapani iitwayo Osaka Shosen Kaisha ilipoanzisha safari zake za kawaida za Afrika Mashariki, mwaka 1926, wachukuzi wa bandari za pwani walianza kuziona meli ambazo majina yao yote yalikuwa na mkia mmoja: Canada Maru, Mexico Maru, na kadhalika. Asiyejua Kijapani angedhani mara moja kwamba maru maana yake ni meli. Sivyo. Meli kwa Kijapani ni fune, neno ambalo, kama “chombo” chetu kiitwacho hivyo jikoni na baharini pia, halikomei kwenye maji ya chumvi, kwani lina maana ya hodhi na birika la kuogea vilevile. Maru ni neno jingine kabisa, na historia yake haikuanzia baharini.

Ukilifungua kamusini utaambiwa kwamba maru ni duara, au kitu kizima kisichopunguka. Bendera ya Japani huitwa Hinomaru, yaani duara la jua. Kutokana na maana hiyo watu wamebuni maelezo mengi. Wako wasemao kwamba meli hupewa duara ili izunguke na kurejea salama ilikotoka. Wengine hukumbusha kwamba nyua za ngome za kale ziliitwa maru, ule wa ndani ukiwa honmaru, na kwamba meli ni ngome iendayo juu ya maji. Wengine tena humtaja Hakudo Maru, kiumbe wa mbinguni aliyewafundisha wanadamu kuunda vyombo. Maelezo haya yote yanapendeza, na kupendeza kwenyewe ndiko kunakotia shaka: neno likisha kuzoeleka na asili yake ikasahauliwa, watu huitungia asili nyingine. Ni heri basi kuiacha kamusi kidogo, na kutazama ni vitu gani vilivyopewa neno hili.

Hapo zamani maro ulikuwa mwisho wa majina ya wanaume. Mshairi mkuu wa karne ya 7 aliitwa Kakinomoto no Hitomaro. Baadaye sauti iligeuka ikawa maru, na jina la namna hiyo likawa hasa la watoto wa kiume wa nyumba bora: Minamoto no Yoshitsune, shujaa wa karne ya 12, utotoni aliitwa Ushiwakamaru. Kisha jina likavuka mpaka wa wanadamu. Upanga mashuhuri uliitwa Kogarasumaru. Mbwa wa jumba la mfalme, anayesimuliwa na Sei Shonagon yapata mwaka 1000, aliitwa Okinamaro. Mtoto, upanga, mbwa: kinachoviunganisha si umbo la duara, bali ni mapenzi ya mwenyewe. Aliyekiita kitu maru alikihesabu kuwa mmoja wa watu wa nyumbani mwake. Basi si ajabu kuikuta meli iitwayo Bandomaru katika hati ya mwaka 1187, wala kwamba Toyotomi Hideyoshi, aliyeivamia Korea mwaka 1592, alikuwa na jahazi kuu lililoitwa Nihonmaru.

Dola ya kisasa iliichukua desturi hii ikaifanya kanuni. Mwaka 1860 Kanrin Maru, iliyoundwa Uholanzi, ilivuka Pasifiki hadi San Francisco, nayo ilikuwa manowari. Baadaye jeshi la majini liliacha neno hilo, likabaki kwa meli za biashara na za uvuvi. Mwaka 1900 taratibu za usajili ziliagiza kwamba, kadiri iwezekanavyo, jina la meli limalizikie kwa maru. Mapenzi yakawa wajibu wa karani. Hata meli za kigeni zilizonunuliwa au kutekwa zilipewa neno hilo, mithili ya mtoto wa kupanga apewaye jina la ukoo. Kasato Maru, iliyowapeleka Brazili wahamiaji wa kwanza wa Kijapani 781 mwaka 1908, ilikuwa imetekwa kwa Warusi. Komagata Maru iliundwa Uskochi mwaka 1890 kwa ajili ya Wajerumani. Mwaka 1914 ilichukua abiria 376 wa Kihindi, wengi wao Masingasinga, wakazuiwa kushuka Vancouver, na waliporudishwa wengine wakapigwa risasi karibu na Calcutta. Hivyo neno la malezi ya Kijapani limekuwa jina la msiba wa Wapunjabi.

Vita ya pili ya dunia ililigeuza neno vibaya zaidi. Mabaharia wa nyambizi za Kimarekani walisema “maru” wakimaanisha meli yoyote ya biashara ya Kijapani, yaani shabaha. Usiku wa tarehe 22 Agosti 1944, nyambizi Bowfin iliizamisha Tsushima Maru, iliyokuwa ikiwahamisha raia kutoka Okinawa. Watoto wa shule zaidi ya 700 walikufa, na walionusurika walikatazwa kuyasema yaliyowapata. Neno lililokuwa mwisho wa jina la mtoto, kwa aliyelenga lilimaanisha shehena na tani tu.

Agizo la mwaka 1900 liliondolewa mwaka 2001. Wavuvi wengi hawakuliacha neno lao. Makampuni makubwa yalikuwa yamekwisha kuanza kulisahau. Osaka Shosen Kaisha yenyewe iliungana na kampuni nyingine mwaka 1964, ikazaliwa Mitsui O.S.K. Lines. Meli iliyokodiwa na kampuni hiyo, mali ya Wajapani, ilikwama katika miamba ya Mauritius tarehe 25 Julai 2020, ikamwaga mafuta katika bahari ileile iliyopitwa na Canada Maru. Ilisajiliwa Panama, na jina lake lilikuwa Wakashio tu, bila neno la kulifuata.