Mipaka Ifuate Maji: Hoja kuhusu Hifadhi za Milima ya Tao la Mashariki

Anayeitazama ramani ya hifadhi za Tanzania huona kwanza maeneo makubwa: Serengeti, Ruaha, Nyerere. Inambidi aisogelee ndipo aione misitu ya Tao la Mashariki, safu 13 za milima zinazoanzia Taita nchini Kenya, zikapitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa. Misitu hiyo imebaki vipande vipande, vingine vidogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu asubuhi moja. Kule Taita, msitu wa Ngangao ni wa hekta 120 hivi tu, na wapo ndege ambao duniani kote hawana makao nje ya vipande kama huo. Makala haya yanadai kwamba kipimo cha ukubwa hakitufai katika milima hii, na kwamba mipaka tuliyoichora imefuata mamlaka za kiutawala pale ilipopaswa kufuata maji.

Utajiri wa misitu hii unatokana na umri wake. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huleta unyevu, unyevu hupanda miteremko ukawa ukungu na mvua, na hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka hata pale sehemu nyingine za bara zilipokauka. Viumbe waliojikuta kila mmoja juu ya mlima wake wakabadilika kwa njia zao. Ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani kutoka Usambara mnamo 1892 leo limo kwenye vyungu vya madirishani katika kila bara, ilhali mimea ya asili yake ingali inashikilia miamba yenye kivuli ambacho hupotea msitu wa juu yake unapokatwa. Mwaka 1991, katika kambi ya utafiti huko Udzungwa, watafiti waliona ndani ya sufuria ya mchuzi miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Mwenye miguu hiyo alikuwa kwale asiyejulikana na sayansi, na ndugu zake wa karibu wanaishi Asia. Mwaka 2005 ikatangazwa habari ya kipunji, nyani wa Rungwe na Udzungwa, ambaye wawindaji wa vijiji vya jirani walimfahamu kabla ya wanasayansi. Nchi ambayo bado inagundua nyani katika karne hii haina sababu ya kudhani kwamba inajua yote yaliyomo katika misitu yake.

Kihansi inaonyesha gharama ya kudhani hivyo. Mto Kihansi hushuka ukingo wa kusini wa Udzungwa kwa maporomoko marefu, na nguvu ya mshuko huo ndiyo iliyowavutia wapangaji wa umeme. Ujenzi wa mtambo wa megawati 180 ulikuwa umekwishaanza pale watafiti walipomkuta, mwaka 1996, chura mdogo wa rangi ya dhahabu, hafikii sentimita 3, anayezaa watoto waliokwisha kuumbika bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Makao yake yote duniani yalikuwa majani na kuvumwani zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta 2 hivi. Hapakuwa na hifadhi wala bikoni. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo, mtiririko wa korongoni ukapungua kwa takriban asilimia 90, manyunyu yakakatika. Vyura karibu 500 wakasafirishwa kwenda Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, na korongoni pakafungwa mabomba na vinyunyizio ili kuiga kazi ambayo mto ulikuwa ukiifanya bure.

Kwa muda ilionekana kwamba vinyunyizio vinatosha. Katikati ya 2003 vyura walihesabiwa kwa maelfu. Katika miezi michache wakaporomoka, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka katika makao yao ya asili. Watafiti wametaja sababu zaidi ya moja. Ipo kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura duniani kote. Lipo pia tope lililofunguliwa kutoka bwawani, ikahofiwa kuwa lilibeba viuatilifu kutoka mashamba ya mahindi yaliyo juu ya mto. Sababu hii ya pili haijathibitishwa kikamilifu, lakini kule kufikiriwa kwake tu kunatosha kwa hoja yangu: hata kama hekta 2 zile zingezungushiwa ua na askari, hatima yake ilikuwa mikononi mwa mkulima aliye mbali juu ya bonde na mhandisi anayeshika lango la bwawa. Tangu 2012 vyura waliozaliwa katika bustani za wanyama wamekuwa wakirudishwa korongoni. Juhudi hiyo inastahili heshima, na inagharimu zaidi kuliko ambavyo ingegharimu kuuliza mapema.

Usambara Mashariki inaonyesha upande mwingine wa tatizo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ila kati yake na misitu ya kaskazini palikuwa na Derema, msitu ambamo wanavijiji walilima iliki chini ya miti mikubwa. Ukiwa mbali unaona mwavuli wa majani usio na tundu. Ukiingia, unakuta ardhi imefyekwa safi: mashina ya iliki yamejipanga, na kati ya mti mzee na ardhi hakuna mche wala chipukizi la kuurithi. Ili kuufanya ushoroba, serikali iliamua kuwaondoa wakulima kwa fidia, na fidia ikachelewa kwa miaka. Kibaiolojia uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini iliki ni zao linaloleta fedha kila msimu, fidia hutolewa mara moja, na aliyechukuliwa shamba bado anaishi pale pale, ukingoni mwa msitu.

Najua jibu la wanaotetea ulinzi mkali, na lina ushahidi. Mbega wekundu wamebaki wengi katika msitu wa Mwanihana, uliomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa tangu 1992, ilhali katika msitu wa Uzungwa Scarp, ambao kwa muda mrefu ulikuwa na ulinzi hafifu, uwindaji umewapunguza vibaya. Sipingi askari. Ninachopinga ni kuamini kwamba askari anatosha. Ruhusa ya wanavijiji kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki ndani ya hifadhi ilipofutwa mwaka 2011, moto wa jikoni haukuzimika. Mzigo wa kuutafutia nishati ulihamia kwa akina mama.

Swali ni nani alipe, na hapa mito inajibu vizuri kuliko ramani. Tanga hunywa maji ya Zigi kutoka Amani. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huihudumia Dar es Salaam kwa maji ambayo mengi huanzia Uluguru. Misitu ya vyanzo vya maji haivunwi, hivyo vijiji vilivyoingia mikataba ya usimamizi shirikishi chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 vimepata kazi ya doria bila mapato ya maana. Huko Kibungo Juu, Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu utaratibu wa watumiaji wa maji wa mjini kuwalipa wakulima wanaochimba makinga maji na kupanda miti. Wakulima walijitokeza. Kilichokosekana ni sheria ya kuwafanya walipaji waendelee kulipa mradi unapofungwa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 tayari inazipa bodi za mabonde uwezo wa kutoza ada za matumizi ya maji. Sehemu maalumu ya ada hiyo ipelekwe kwa halmashauri za vijiji vinavyopakana na misitu ya vyanzo, isomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji, na mzalishaji wa umeme aichangie sawa na mamlaka ya maji. Bodi ya bonde iwe pia na kauli kabla ya kibali cha bwawa kutolewa, pamoja na mtaalamu wa viumbe aliyekwisha kulitembea korongo lote katika masika na kiangazi. Mnywaji wa Dar es Salaam ataona ongezeko dogo katika ankara yake, na atakuwa na haki ya kuuliza msitu wa Uluguru uko katika hali gani mwaka huu.