Jinsi Oman ilivyoizuia Saudi Arabia

Timu kubwa haishindwi kila mara kwa kufungwa mabao mengi. Tarehe 17 Januari 2009, mjini Muscat, Oman ilikutana na Saudi Arabia, mabingwa mara 3 wa Kombe la Ghuba, katika fainali iliyochezwa kwenye uwanja wa Sultan Qaboos. Wenyeji walikwishapoteza fainali mbili mfululizo, kwa Qatar mwaka 2004 na kwa Falme za Kiarabu mwaka 2007.

Nguvu ya kikosi cha kocha Mfaransa, Claude Le Roy, ilikuwa ngome. Langoni alisimama Ali Al-Habsi, aliyepata kuwa mzima moto wa uwanja wa ndege wa Muscat. Katika dakika 480 za mashindano hayo, Oman haikuruhusu hata bao moja.

Lakini mbinu hiyo ina gharama, kwani asiyefungwa si lazima afunge. Hassan Rabia, mfungaji bora kwa mabao 4, naye alizuiwa. Baada ya dakika 120 bila bao ikaja mikwaju ya penalti, ile ile iliyowanyima kombe mjini Doha mwaka 2004. Safari hii Oman ilishinda 6-5, ikalitwaa kwa mara ya kwanza.